Je, wajua kwa nini egzosi kubwa, yaani bomba pana la kutolea moshi, inaweza kuifanya gari yako iwe nzito kuvuta?

Chukua gari mbili za michezo zinazofanana kila kitu, injini ya lita 2 isiyo na turbo, ile feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa ndani ya injini. Moja iache na egzosi yake ya kiwandani, nyingine ifungie bomba la inchi 3 toka mbele mpaka nyuma na silensa ile nyepesi ya kupitisha moja kwa moja. Hii ya pili itanguruma mpaka basi, lakini ukiwa gia ya tatu, mshale wa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) uko 2500, ukakanyaga mafuta, usishangae ile ya kiwandani ndo ikavuta vizuri zaidi. Wengi wakiambiwa hivi wanabisha, maana kichwani hesabu ni rahisi, tundu kubwa moshi unatoka haraka, moshi ukitoka haraka nguvu inaongezeka. Kumbe moshi hautoki hivyo.

Tuanze na hewa yenyewe. Injini ya lita 2 ikizunguka mara 6000 kwa dakika inavuta karibu lita 100 za hewa kila sekunde moja, yaani lita 100 zinaingia alafu zinachomwa na petroli na kutoka zikiwa za moto kupindukia. Ila hazitoki kama maji ya bomba. Zinatoka kwa mapigo, kila silinda inapiga mara 50 kwa sekunde kwenye spidi hiyo, valvu ikifunguka tu moshi unafyatuka, na kila pigo linatuma wimbi la presha kwenye bomba. Kwa sababu ya joto lile, wimbi hilo linakimbia zaidi ya mita 500 kwa sekunde.

Sasa hapa ndo utamu ulipo. Wimbi likifika mahali bomba linapanuka ghafla, mfano pale mabomba ya silinda zote yanapokutana, sehemu yake inageuka na kurudi kwenye injini, ila linarudi kinyume, lilienda na presha kubwa linarudi na presha ndogo ya kunyonya. Kuna kipindi kifupi sana ambapo valvu ya moshi haijafunga na valvu ya hewa imeshaanza kufunguka, zote mbili ziko wazi kidogo. Lile wimbi la kunyonya likifika muda huohuo, linavuta moshi uliobaki ndani ya silinda na linasaidia kuingiza hewa mpya hata kabla pistoni haijaanza kuvuta yenyewe. Nguvu ya bure hiyo! Likiwahi au likichelewa, moshi unabaki ndani na unachukua nafasi ya hewa safi.

Kwa hiyo ule msemo kwamba injini inahitaji presha ya kurudi nyuma ili ivute vizuri, hapana, hakuna injini inayofurahia kuzibwa. Inachohitaji ni moshi uende kwa kasi na mawimbi yarudi kwa wakati wake. Bomba likiwa pana kupita kiasi moshi unapoa na kupunguza kasi, na mawimbi yanakuwa dhaifu. Na upana unakua haraka kuliko macho yanavyoona, toka inchi 2.5 kwenda inchi 3 unaona umeongeza kidogo tu, kumbe eneo la tundu limeongezeka asilimia 44. Huko juu kwenye rpm 7000 pengine utafaidi kidogo, ila hujiulizi unafika 7000 mara ngapi kwa siku.

Athari hii ni kubwa zaidi ukiwa karibu na injini, kwenye hedazi, yale mabomba yanayopokea moshi toka kila silinda na kuuunganisha, kuliko huko nyuma kwenye silensa. Hedazi za 4 kuingia 1, yaani mabomba manne yanayokutana mara moja kuwa moja, kwa kawaida zinapendelea rpm za juu, za 4 kuingia 2 alafu 1 zinatoa torki (nguvu ya kuzungusha) nzuri katikati, na mabomba marefu yanafanya kazi chini wakati mafupi yanafanya kazi juu. Mfano mzuri ni Toyota 86 ya kwanza, ile iliyotoka 2012, inajulikana kwa shimo la torki kama kati ya rpm 3500 na 4500, unakanyaga unaona gari inasita alafu inaamka. Wenye nazo wakifunga hedazi nzuri na kurekebisha programu ya kompyuta ya gari, lile shimo linapungua sana, wakati mtu aliyebadili silensa ya nyuma peke yake amebadili sauti tu. Na ukitaka kujua jinsi urefu wa hedazi unavyobadili sauti, ile ngurumo ya kudunda ya Subaru za zamani inatokana na mabomba yasiyolingana urefu, mapigo yanafika kwenye makutano kwa kupishana. Funga hedazi zenye urefu sawa na ngurumo inapotea.

Gari yenye turbo ni habari nyingine kabisa. Kule moshi kazi yake ni kuzungusha turbini, ile feni ya turbo ya upande wa moshi, na turbini inapenda tofauti ya presha, kubwa mbele yake na ndogo iwezekanavyo nyuma yake. Ukishapita turbo, mambo ya mawimbi hayana uzito tena, bomba pana ni faida. Ndo maana kwenye turbo kitu cha kwanza kuangalia ni lile bomba linalotoka kwenye turbo kwenda chini, daunpaipu, maana mara nyingi ndo penye kizuizi kikubwa kuliko pote. Ila usifunge bila kurekebisha programu, maana turbo inaweza kupandisha presha kupita pale kompyuta ilipozoea.

Kizuizi chenyewe mara nyingi ni masega, kile kichujio cha platinamu, paladiamu na rodiamu kinachobadili gesi za sumu kabla hazijatoka. Naomba tusielewane vibaya hapa, kuyatoa kabisa mimi siungi mkono. Hewa inachafuka kwa kila mtu na nchi nyingi ni kosa kisheria, alafu sensa ya oksijeni iliyo nyuma ya masega inaona na kuwasha taa ya injini. Kuna masega yanayopitisha zaidi, yenye matundu kama 200 kwa inchi ya mraba badala ya 400 au 600 ya kiwandani, hayo yanakupa sehemu kubwa ya faida na bado yanasafisha.

Upande wa kuingiza hewa watu wanadanganywa zaidi. Ile filta ya koni iliyo wazi ndani ya boneti inapendeza na ile sauti ya kunyonya inasisimua, sawa, ila inavuta hewa ya wapi? Ya kwenye injini. Hewa ya nyuzi 50 ina oksijeni pungufu kwa kama asilimia 9 ukilinganisha na ya nyuzi 20, kwa hiyo umelipia kitu kizuri alafu unaingiza hewa nyembamba. Boksi la kiwandani kwenye gari nyingi za michezo tayari linavuta hewa baridi toka mbele. Ukitaka kujua kama linabana, usikisie, toboa tundu dogo baada ya filta, funga geji ya presha, kanyaga mpaka mwisho na usome. Hewa ya kawaida usawa wa bahari ina kilopaskali kama 101, kwa hiyo geji ikionyesha umepoteza kilopaskali 1 tu, kizuizi chote hicho kinakula kama asilimia 1 ya hewa. Hata ungepata filta ya ajabu kiasi gani huwezi kupata zaidi ya hiyo asilimia 1. Ikionyesha 4 au 5, hapo sasa kuna cha kutafuta.

Kitu kingine ni sensa ya kupima hewa, ile yenye kiwaya cha moto. Imepimwa kwa upana wa bomba lake la kiwandani. Ukiweka bomba pana zaidi hewa inapita taratibu juu ya kiwaya, sensa inaripoti hewa kidogo kuliko iliyoingia, petroli inapungua, na ukiwa umekanyaga mwisho injini inaweza kuanza kugonga, yaani petroli inalipuka ovyo ndani ya silinda. Na filta za pamba za kupaka mafuta, zikipakwa mengi, mafuta yanaenda kuganda kwenye hicho kiwaya. Filta zinazoshushwa chini kwenye bampa nazo zinapata hewa baridi kweli, ila dimbwi moja refu likiingia maji, basi, maji hayabanwi kama hewa, pistoni inapanda inakutana nayo na konrodi, ule mkono unaoishika pistoni, inapinda.

Kama shida yako ni sauti tu, sema ni sauti na uichague kama sauti. Hapo adui ni ule mvumo unaoumiza kichwa ukiwa safari ndefu. Injini ya silinda 4 kwenye rpm 3000 inawaka mara 100 kwa sekunde, na ndo mlio unaokaa ndani ya kabini. Mafundi wazuri wanaongeza bomba la pembeni lililozibwa mwisho, lenye robo ya urefu wa wimbi hilo, zaidi ya mita 1 kidogo, na mlio ule unajifuta wenyewe bila kubana moshi. Muulize muuzaji kama egzosi yake ina kitu hicho, akikuangalia tu, tafuta mwingine.

Ukienda kukagua chukua na sumaku. Mabomba ya chuma cha pua yana madaraja kwa namba, chuma cha 304 chenye nikeli sumaku haishiki au inashika kidogo sana, cha 409 inang'ang'ania, na hicho cha 409 kitaanza kutu ya juujuu mapema. Na mtu akikuahidi nyongeza ya nguvu za farasi 30, mwambie aonyeshe karatasi za mashine ya marola, ile ya kupima nguvu ya gari magurudumu yakizunguka juu yake, kabla na baada, gari ileile, siku ileile, na uangalie mstari mzima toka rpm 2000, sio kile kilele cha mwisho peke yake.