Je, wajua kwa nini ganda la korosho huwaka kama limemwagiwa dizeli?

Aliyekulia Newala, Tandahimba au Nachingwea amewahi kuiona shughuli hii. Bati lililotobolewa matundu limetegwa juu ya mafiga, korosho zinageuzwa kwa kijiti, mara ndimi za moto zinaruka na moshi mweusi unapanda. Mkaangaji anasogea nyuma, anapindua bati na kuufukia moto kwa mchanga.

Miaka mingi niliamini kwamba mafuta yanayowaka pale hutoka kwenye kiini, yaleyale yanayobaki vidoleni ukila korosho. Hata wadogo zangu niliwaeleza hivyo, wakanisadiki. Sivyo kabisa. Ni kweli kiini kina mafuta, karibu nusu ya uzito wake, lakini moto unapolipuka chenyewe kimejificha ndani. Kingekuwa ndicho kinachowaka, baada ya kufukia moto tungebangua majivu. Ila tunakikuta cheupe, pengine kimeungua kidogo pembeni. Kinachowaka ni ganda.

Likate ganda la korosho ghafi kwa kisu, ukiwa umevaa glovu. Utaona tabaka gumu la nje, tabaka gumu la ndani, na katikati yake vyumba vidogovidogo kama sega la nyuki. Vyumba hivyo vimejaa mafuta mazito ya kahawia, ambayo hufikia hata robo ya uzito wa ganda, ikitegemea mbegu na namna ya kuyakamua.

Molekuli ya mafuta hayo ifikirie kama kiluwiluwi wa chura: ina kichwa na mkia. Kichwa ndicho chenye ukali unaobabua ngozi. Mkia ni mnyororo wa kaboni 15 zilizoshikana na haidrojeni, na dizeli nayo imejengwa kwa minyororo ya namna hiyo. Ndiyo maana ganda linawaka vile. Linalonistaajabisha zaidi ni kwamba mkia huohuo ndio unaokiingiza kichwa mwilini mwako: ngozi ina mafuta yake ya asili, na mafuta hupokeana na mafuta. Kunawa kwa maji matupu hakusaidii. Mwembe ni ndugu wa mkorosho, na utomvu wa embe unaobabua midomo una kemikali za ukoo huohuo.

Kwa nini basi tusipikie maganda? Kumbuka kibatari kilichotolewa utambi mrefu mno: mafuta yanapanda mengi kuliko hewa inayoyafikia, moto unafuka na ukuta unakuwa mweusi. Ganda bichi jikoni hufanya vivyo hivyo. Mafuta hugeuka mvuke kabla hayajaungua yote, yakatoka na moshi pamoja na ule ukali wake, ukawasha macho na koo. Afadhali yakamuliwe kwanza, kisha ganda lichomwe kwenye tanuri lililobanwa hewa, lisagwe, lichanganywe na uji wa muhogo na kufyatuliwa kuwa mkaa mbadala.

Mafuta yaliyokamuliwa nayo si ya kumimina moja kwa moja kwenye tangi la gari. Yakipata joto hugandamana kama gundi na kuziba nozeli, vile vitundu vinavyopulizia mafuta ndani ya injini. Tabia hiyohiyo ya kugandamana ndiyo inayoyapa soko kwenye rangi na vitambaa vya breki.

Ukitaja nishati Mtwara, watu huwaza gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982. Lakini katika kila kilo 10 za korosho ghafi, takriban 7 ni ganda. Msimu wa 2017/2018 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 300,000, na sehemu kubwa ya korosho zetu huuzwa ghafi India na Vietnam, maganda yakiwa ndani ya magunia. Huko viwandani, ganda hilo ndilo linalowasha boila za kuchemshia korosho nyingine kabla hazijabanguliwa.