Kikombe badala ya kijiko: damu nzito baada ya upasuaji wa ubongo

Mzee alirudi Tabora wiki ya pili baada ya kupasuliwa kichwa. Alikuwa ameanguka na baiskeli, damu ikavuja na kujikusanya chini ya fuvu. Mshono ulikuwa mkavu, safi kabisa. Lakini alisinzia muda wote, ulimi umemkauka, mkojo rangi ya chai ya rangi. Binti yake akaniambia, "Daktari, maji tunampa kwa kijiko tu, yasije yakamjaa kichwani." Sikumlaumu. Hofu yake ilitokana na mapenzi.

Ndugu wa wagonjwa huwa nawaeleza kwa asali, maana huku nani asiyeijua? Asali ya Sikonge asubuhi ya Julai haitaki kutoka kwenye chupa. Ianike juani kidogo, inachuruzika yenyewe. Ule uzito wa kutiririka ndio mnato. Damu nayo ina mnato wake, na unategemea zaidi wingi wa chembe nyekundu. Mwili ukikaukiwa maji, chembe ni zilezile ila kinachozibeba kimepungua, na damu huwa nzito.

Tena damu ina tabia ambayo asali haina. Ikienda kasi huwa nyepesi. Ikizubaa, chembe nyekundu hupangana kama sarafu zilizorundikwa, nayo huzidi kuwa nzito. Ndiyo maana mgonjwa asiyegeuzwa wala kuketishwa hunikosesha usingizi. Damu huganda kwenye mishipa ya miguu, na bonge likichomoka huweza kuziba mapafu. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, msingoje kesho.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hupokea takribani mililita 750 za damu kila dakika. Daktari Mfaransa Poiseuille, katika karne ya 19, alionyesha kwamba mrija ukipungua upana kwa nusu, kinachopita hushuka hadi sehemu 1 ya 16. Sasa fikiria ubongo uliovimba baada ya kisu, vimishipa vimebanwa, halafu damu yenyewe nzito.

Kumjaza maji ovyo nako ni hatari: chumvi ya damu ikishuka, ubongo huvimba. Kwa hiyo kiasi apange daktari. Kwa mzee tulipima chumvi kwanza, tukahakikisha anameza bila kupaliwa, tukamtundikia dripu ya chumvi, siyo ya glukosi tupu. Jioni ya pili aliketi ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, akamwambia binti yake aweke kijiko pembeni, alete kikombe.