Ujumbe, Ujumbe! Hebu Tupumzisheni

Juzi tena. Nakunja nyaya baada ya arusi Kisauni, saa saba usiku, mgongo hauko pamoja nami, akaja mzee wa heshima zake na kikombe cha kahawa chungu. "Mwanangu, mumepiga vizuri. Lakini wajua nyimbo za kale zadumu kwa nini? Zina ujumbe. Hizi za sasa ni kelele." Nikamwambia, "Ndiyo, ami," maana mtu mzima habishiwi saa saba za usiku. Hapa kwangu lakini nabisha.

Wimbo wenye ujumbe kuliko yote ni wa kampeni. Jina la mtu limo, chama kimo, ahadi ya maji imo. Kura zikishahesabiwa, nani huuimba? Na zile za corona za 2020, tunawe mikono, tukae mbalimbali: ujumbe wa kuokoa roho za watu. Mwenye kuziweka kwenye simu yake mpaka leo anyooshe mkono.

Sasa chukua Jambo Bwana. Them Mushrooms, vijana wa hukuhuku Pwani, waliutoa 1982, mtunzi Teddy Kalanda Harrison, wakati huo wakipigia watalii kwenye mahoteli ya ufuoni. Ujumbe wake ni nini? Hujambo, sijambo, karibu, hakuna matata. Na ni nani Mombasa akusalimuye "jambo"? Mimi nikisikia "hakuna matata" najua kuna kinyago kinauzwa. Sisi twasema "hakuna neno", basi. Lakini wimbo upo, zaidi ya miaka 40, na 1983 Boney M waliurekodi tena huko Ujerumani. Mgeni aliyeshuka ndege asubuhi, jioni anauitikia: swali fupi, jibu fupi, lahani haipandi mlima. Wajuaji wa barazani huukunjia pua. Waukunjie, mimi nimeona ukumbi mzima ukiumaliza bila mwimbaji.

Nina kipimo changu cha hilo. Kiitikio kikifika napunguza kinanda polepole mpaka kisisikike. Watu wakiendelea wenyewe, huo umepita. Wakinitazama kama stima imepotea, bado.

Lakini lahani ni nusu tu, na nusu ya pili ndiyo inayonikosanisha na watu.

Kuna arusi moja Kibokoni, upande wa wanawake. Walikuwamo wawili wasiosemezana, kisa mume. Ukaingia ubeti wa mtu aliyepanda mti, matunda yakaliwa na mwengine. Wa kwanza akainuka na noti, akapita mbele ya mwenzake taratibu, hatua za maarusi, akamtunza mwimbaji huku macho yako kwa yule. Hajakaa kitako, wa pili kainuka, noti kubwa zaidi, ubeti uleule! Kila mmoja anaamini kwamba yeye ndiye mpanda mti. Kesi moja, na wote wawili wameshinda.

Hapo ndipo panapodumisha wimbo. Mtunzi huenda alikuwa na ugomvi wake, lakini aliufumba mpaka yeye mwenyewe haonekani ndani. Wimbo kama huo ni leso. Haina saizi, anajifunga mwembamba na mnene, na jina, yale maneno yaliyoandikwa chini, ni la yeyote aliyeinunua ampitie nayo jirani. Angalia sasa mipasho ya kutajana: nyumba yenye geti la rangi fulani, gari la namna fulani. Tuzo zitamiminika wiki mbili. Gari likiuzwa, na wimbo umekwisha. Ujumbe ulikuwa wazi mno, msikilizaji hakuachiwa pa kukaa. Kwa hivyo mzee wangu wa kahawa akisema "ujumbe", mimi nasikia kinyume: za kale alizozishika zimedumu kwa sababu hazikumwambia kila kitu. Nusu aliiweka yeye, kisha akaja kumshukuru mtunzi.

Na lile wasemalo wengine, kwamba wimbo ili udumu "lazima uwe wa asili", nalipita haraka kwa sababu linanitia homa. Marehemu Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab, aliuteka mji huu kwa lahani za filamu za Kihindi, juu yake mashairi, mengi ya Ahmad Nassir. Basi nenda kamwambie mama yako kwamba anachokililia si cha asili.

Wengine hudhani za kale zote zilikuwa nzuri. Hao hawakunakili kanda. Mimi kabla ya kinanda nilikuwa kijana wa duka la kanda, na kila siku wateja waliniletea za zamani niwawekee mpya juu yake. Nimefuta nyimbo kwa mamia, nyingine zilizokuwa zimepigwa mpaka kwenye matatu mwezi mmoja nyuma. Mnakumbuka vile vijimeno viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda? Ukivivunja, hairekodi tena. Kanda chache sana zilikuja hazina vijimeno, na mteja akiniona naishika husema, "Hiyo iache." Hesabu yangu ya nyimbo za kudumu niliianzia hapo. Hata neno "zilipendwa" silitaki. Hiyo "li" ni ya mambo yaliyokwisha, na zilizopendwa zikaisha ndizo nilizozifuta.

Nikimsimulia hayo rafiki yangu mmoja, akacheka. Yeye alivunja vijimeno vya kanda zake zote kwa sababu mtoto alikuwa akibonyeza kila kitu. Sikuwa na jibu. Tena kuna redio: wimbo ukirudiwa kila Ijumaa utotoni mwako utaupenda, uwe na fumbo au usiwe nalo, na sijui namna ya kuitoa redio ndani ya mtu nipime kilichobaki. Na nyimbo za chakacha, ngoma ya wanawake wa Pwani, ambazo hakuna aliyezirekodi, ambazo bibi zetu walikwenda nazo, labda zilikuwa bora kuliko zote ninazozipiga. Kipimo changu hakizifikii.

Isitoshe, nimeshakosea mchana kweupe. Miaka kadhaa nyuma kijana mmoja alinisikilizisha wimbo wake nyuma ya ukumbi, nikamwambia kwa uhakika wa mtu mzima, "Huu mwezi hautoki." Maneno mepesi, lahani ya kuokoteza, geti na gari vimo ndani.

Jumamosi tuna arusi Majengo. Dada yake bwana arusi kanitumia orodha ya nyimbo anazotaka, na wa kijana yule ndio wa kwanza. Usiku huu nimekaa naufuatisha kwenye kinanda, na pale panapotajwa geti, mke wangu anaitikia kutoka jikoni. Sisi hatuna geti.