Ukifutwa Kazi kwa Kuunda Chama, Utathibitisha Nini Mahakamani?

Katika miaka yangu ya uwakili wa masuala ya leba hapa Nairobi, sijawahi kuona barua ya kufuta kazi inayosema waziwazi kwamba mfanyakazi anaondolewa kwa sababu amejiunga na chama cha wafanyakazi. Barua husema mengine: utovu wa nidhamu, utendaji usioridhisha, nafasi yako haimo tena katika muundo mpya wa kampuni, mkataba wako umefika tamati. Kwa hiyo anayeingia ofisini mwangu akilalamika kwamba amepigwa kalamu kwa sababu ya chama, kwanza huwa namwomba anitajie tarehe, kisha ndipo tunaposoma barua yenyewe.

Sheria haina utata mkubwa. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho, kushiriki katika shughuli zake na kugoma. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, katika kifungu cha 5, inakataza mtu yeyote kumfuta au kumdhuru mfanyakazi kwa namna nyingine kwa sababu ya uanachama aliowahi kuwa nao, alio nao sasa au anaotarajiwa kuwa nao, au kwa sababu alishiriki kuunda chama. Zingatieni maneno hayo ya mwisho, kwa kuwa wengi hudhani kinga huanza siku ya kupata kadi ya uanachama, ilhali sheria inamlinda hata yule ambaye bado anawashawishi wenzake. Kifungu hichohicho kinamlinda pia anayetafuta kazi, na kinakataza kumpa mfanyakazi manufaa au kumwahidi manufaa ili aachane na haki yake, jambo linalomaanisha kwamba kumpandisha cheo kiongozi wa wenzake kwa sharti la kunyamaza ni kosa sawa na kumfukuza.

Sheria ya Ajira ya mwaka huohuo, katika kifungu cha 46, inaorodhesha sababu ambazo haziwezi kamwe kuwa halali za kumfuta mtu, na uanachama wa chama, kugombea uongozi wake na kuwawakilisha wafanyakazi zimo. Lakini hapo pana sharti ambalo limewaponza watu wengi: kushiriki shughuli za chama kunalindwa nje ya saa za kazi, au ndani ya saa hizo kwa idhini ya mwajiri. Mkutano wa dakika 20 kando ya mashine zinazotakiwa kuwa zinazunguka humpa mwajiri sababu nzuri ya barua ya kujieleza, na kuanzia hapo kesi inakuwa ya nidhamu. Mkutano huohuo ukifanywa wakati wa chakula cha mchana, au nje ya lango baada ya zamu, unamnyima mwajiri silaha hiyo.

Mzigo wa ushahidi hauko upande mmoja. Mwajiri anatakiwa kuthibitisha sababu aliyoitoa ya kusitisha ajira, na asipoithibitisha, ufutaji huo huhesabiwa kuwa usio wa haki. Katika malalamiko ya kuingiliwa kwa uhuru wa kujiunga na chama, mfanyakazi huonyesha kitendo alichofanyiwa, kisha ni juu ya aliyekitenda kuonyesha kwamba hakikuvunja sheria. Kwenye karatasi mpangilio huu unampendelea mfanyakazi. Hata hivyo, kuna hatua moja ambayo hakuna sheria inayoweza kukuvusha, nayo ni kuonyesha kwamba mwajiri alijua. Huwezi kudai ulilipiziwa kisasi kwa jambo ambalo aliyekulipizia hakuwa na habari nalo.

Hapa ndipo siri inapogeuka kuwa mtego. Ni kawaida, na ni busara, kuanza kuunda chama kimyakimya: watu wachache wanaoaminiana, kikundi cha WhatsApp kisicho na msimamizi yeyote wa zamu, mazungumzo ya kwenye matatu. Kimya hicho kinawalinda kwa wiki za mwanzo. Lakini habari huvuja, na zinapovuja kwa mdomo tu, mwajiri anakuwa amejua bila kuacha alama yoyote ya kujua kwake. Akimfuta kiongozi wiki hiyo, atasema kwa uso mkavu kwamba hakuwahi kusikia habari za chama, nasi tutakuwa na uvumi pekee. Ndiyo maana nashauri kwamba kimya kiwe na mwisho uliopangwa: ikishapatikana idadi ya kutosha, chama kipeleke barua rasmi pamoja na Fomu S zilizotiwa saini, zipokewe kwa muhuri wa kampuni, na nakala zibaki mikononi mwa chama. Fomu S ni idhini ya kukatwa ada ya chama kutoka kwenye mshahara, na mwajiri akishapelekewa notisi hiyo ana siku 30 za kuanza kukata. Kwangu mimi thamani yake kubwa haiko katika makato, bali katika ule muhuri. Tangu siku hiyo hakuna meneja anayeweza kusema hakujua, na kila hatua anayochukua dhidi ya waliotia saini inapimwa kwa umbali wake kutoka tarehe hiyo.

Siku 30 hizo ndizo zenye joto zaidi. Mwajiri analazimika kukitambua chama kinachowakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama, kwa hiyo hesabu ndiyo uwanja wa mapambano. Mara ghafla hutokea barua za kujitoa katika chama, kumi au ishirini kwa siku moja, zote zikiwa na maneno yaleyale, na pengine hata kosa lilelile la tahajia. Mwanachama ana haki ya kujitoa kwa maandishi, na mwajiri anatakiwa kukipelekea chama nakala ya barua hiyo, lakini barua zilizochapishwa katika ofisi ya rasilimali watu ni ushahidi dhidi ya ofisi hiyo.

Kesi ya Daniel Motaung imewafanya watu wengi nje ya Kenya wajifunze sheria zetu. Raia huyo wa Afrika Kusini alifika Nairobi mwaka 2019 kufanya kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook, yaani kukagua na kuondoa machapisho yasiyofaa, katika kampuni ya Sama, iliyokuwa na kandarasi ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook. Aliwaongoza wenzake kudai malipo na mazingira bora, wakatishia kugoma, naye akasimamishwa kisha akafutwa. Sama ilisema mwenendo wake ulihatarisha uhusiano wa kampuni na mteja. Yeye anasema aliondolewa kwa sababu ya kuwaunganisha wafanyakazi. Aliwasilisha ombi lake mahakamani Mei 2022, Meta ikijitetea kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Februari 2023 Jaji Jacob Gakeri aliikatalia, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikaafiki kwamba kesi inaweza kusikilizwa hapa. Tazama basi: zaidi ya miaka miwili ilitumika kuamua nani anaweza kushtakiwa, kabla ya kuulizwa kwa nini mtu alifutwa. Kazi inapopitia kwa kandarasi, swali la nani ni mwajiri humeza swali la kisasi.

Mapema mwaka 2023 Sama ilitangaza kuachana na kazi hiyo ya kuchuja maudhui, na wachujaji zaidi ya 180 wakaenda kortini wakidai kwamba upunguzaji huo haukuwa halali na kwamba walizuiwa kuajiriwa na kampuni iliyochukua kandarasi, madai ambayo walioshtakiwa waliyapinga. Nayataja kwa sababu kupunguza wafanyakazi ndilo vazi linalomkaa vyema zaidi mwajiri anayetaka kulipiza kisasi. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinamtaka atoe notisi ya angalau mwezi mmoja kwa chama na kwa afisa wa leba, azingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja, na alipe kiinua mgongo cha siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Omba orodha ya walioachishwa kazi na ya waliobaki, uziweke pamoja na Fomu S, kisha uhesabu. Orodha ikiwa imewafagia waliotia saini na kuwaacha walioajiriwa mwaka jana, huhitaji shahidi wa kuja kueleza nia ya mtu.

Kuhusu nafuu, sina budi kusema ukweli usiopendeza. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inaweza kuagiza urudishwe kazini, lakini si baada ya miaka mitatu tangu ulipofutwa, na kwa foleni ya kesi tuliyo nayo muda huo hupita upesi. Kinachobaki ni fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12. Kwa kampuni kubwa, hiyo ni bei nafuu ya kumwondoa mtu mmoja aliyekuwa karibu kukusanya sahihi za zaidi ya nusu ya wafanyakazi, na naamini bunge lingepaswa kuondoa kikomo hicho katika kesi za kisasi. Ndiyo sababu mawakili wengi huja na ombi la kikatiba chini ya kifungu cha 41, ambapo fidia ya kuvunjwa kwa haki haifungwi na miezi 12, na huomba amri ya muda ya kuzuia ufutaji kabla haujatekelezwa. Amri hiyo ikipatikana, chama huwa hai. Ikichelewa hata kwa majuma machache, wenzake huwa wameshaogopa.

Wanaoniacha bila jibu ni wale wa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Mkataba wa muda maalum ukifika tarehe yake, mahakama zetu kwa kawaida husema umeisha wenyewe, na mwajiri halazimiki kueleza kwa nini hakuufanya upya. Kuna mwanya mwembamba: kuonyesha kwamba kila mtu katika idara aliongezewa muda isipokuwa waliotia saini. Lakini kwa hilo unahitaji mikataba ya wenzako waliobaki, na wenzako hao wana mikataba inayoisha mwezi ujao.