Minyoo kwa nyoka wa porini: maswali na majibu

Nyoka wangu alikamatwa porini, amenona na anakula. Apimwe ya nini?
Unene si ushahidi. Porini nyoka hunya na kuondoka. Sandukuni hulala juu ya kinyesi chake. Minyoo isiyohitaji mnyama wa kati, kama Strongyloides na Kalicephalus, humrudia humo humo, tena wakati kinga imeshuka kwa msongo wa kufungiwa. Tegu wengi wana nafuu hapo: bila mnyama wa kati hawaongezeki.

Sampuli ichukuliweje?
Kinyesi kibichi, ndani ya saa 24, kwenye kichupa kilichofungwa. Kiweke kwenye friji, kisigande. Mayai hayatoki kila siku, kwa hiyo jibu moja safi halitoshi. Rudia mara tatu ndani ya siku 90 za karantini. Mayai ya minyoo ya panya aliyeliwa nayo hupita tumboni na kuonekana kwenye hadubini, na nyoka wengi wamenyweshwa dawa kwa minyoo ya panya.

Kipimo cha dawa ni kipi?
Daktari wa wanyama ndiye huamua. Fenbendazoli hutolewa hadi mg 50 kwa kilo, kisha hurudiwa baada ya siku 14. Kwa kiwango hicho cha juu, nyoka wa gramu 800 anapata mg 40. Dawa ya maji ya asilimia 10 ina mg 100 kwa ml, hivyo ni ml 0.4. Pima kwa mizani. Kukisia uzito kwa macho ndiko huzidisha dawa, na fenbendazoli ikizidi hudhoofisha uboho na chembe nyeupe za damu hupungua. Kwa tegu hutumika prazikwanteli, mg 5 hadi 8 kwa kilo. Aivamektini, dawa nyingine ya minyoo, ikikubakia usimpe kobe hata tone: humuua.

Nyoka aliyekauka maji au aliyepoa asinyweshwe dawa kwanza. Mpe maji na joto lake la kawaida.

Mrija wa kumnyweshea dawa unapita wapi?
Tundu la pumzi liko sakafuni mwa mdomo, karibu na mfuko wa ulimi, na hufunguka na kufunga anapopumua. Mrija laini uliopakwa maji upite juu yake, taratibu. Ukikwama, usisukume.

Binadamu anaambukizwa?
Ndiyo, hasa na Armillifer, kimelea anayefanana na mnyoo, anayekaa kwenye mapafu ya nyoka. Mayai hutoka kwa mate na kinyesi. Vaa glavu, nawa kwa sabuni, na bakuli lake lisioshwe kwenye sinki la jikoni.