Samaki wa burudani ni yupi, na kosa la kumuuza liko wapi

Hii maneno ya "kuuza samaki wa burudani" nimeisikia ikitumiwa vibaya mara nyingi sana, na juzi tena kwa gruupu moja ya watu wa Kisumu mtu ameweka picha ya kijana ameshika ngege (tilapia) watatu kwa kamba kando ya barabara, halafu akaandika ati huyu ndiye anauza samaki wa burudani, ashikwe. Huyo kijana ana ndoano, uzi wa nailoni na ndugu wadogo wanangoja nyumbani. Burudani hapo iko wapi?

Wacha niseme maana haraka. Samaki wa burudani ni yule aliyevuliwa na mtu ambaye ameenda majini kujifurahisha ama kwa mchezo, mtu ambaye riziki yake haitoki kwa samaki. Anaweza kumla, kumpa jirani ama kumrudisha majini akiwa hai. Kumuuza ndiyo haramu kwa nchi nyingi. Afrika Kusini sheria yao ya viumbe vya baharini ya mwaka 1998 imekataza kuuza na kubadilishana na kufanya biashara ya namna yoyote na samaki wa burudani, na Umoja wa Ulaya ukakataza wa baharini kuingia sokoni kwa kanuni ya mwaka 2009. Hapa Kenya tuna sheria ya uvuvi ya mwaka 2016, na leseni inatolewa kwa shughuli fulani na masharti yake, kwa hivyo leseni ya kuvua kwa mchezo haikupi ruhusa ya kufungua biashara. Maana ni hiyo tu.

Sasa kinachonikera. Watu wanadhani burudani inajulikana kwa kifaa. Ukiwa na ndoano wewe ni wa burudani, ukiwa na wavu na boti wewe ni mvuvi kamili. Hapana. Kuna wavuvi wa leseni kabisa ziwani wanavua mbuta (sangara) kwa kamba ndefu yenye ndoano mamia, na hao ni watu wa biashara kutoka asubuhi mpaka jioni. Na kuna mtu anatoka na boti yenye injini mbili, fimbo za bei kali na sanduku la barafu, na huyo ni wa burudani, kosa linaanza siku ile atachukua pesa. Sheria inauliza umeenda kuvua kwa ajili gani, una ruhusa gani, na samaki ameishia wapi.

Kwa hivyo yule kijana wa picha, kama anavua ili nyumbani wale, huo ni uvuvi wa kujikimu. Kama anauza kila siku bila leseni basi shida yake ni leseni na inajadiliwa kwa jina lake. Na yule anayevuta kokoro (wavu wa kukokota mpaka ufukweni) ama nyavu za mono (za uzi mmoja wa plastiki) usiku, ama anayeleta mbuta wa chini ya sentimita 50, kosa lake ni vifaa na saizi, hata akiwa na leseni ya biashara mfukoni. Halafu kuna wale wa Nakuru wanaoingia Ziwa Nakuru tangu maji yapande, wakishikwa na tilapia kwa gunia wanasema walikuwa wanajivulia tu. Ziwa lile liko ndani ya mbuga ya taifa, kuvua humo ni kosa kabla hata hujafikiria mnunuzi. Haya yote tukiyatupa kwa kikapu kimoja cha "samaki wa burudani", yule ambaye neno lilitungwa kwa ajili yake anapita katikati yetu akitusalimia.

Na huyo namjua, na wewe unamjua. Ni mtu wa kazi nzuri, Jumamosi anaenda ziwani na marafiki, wanapata samaki kushinda vile wanaweza kula, Jumapili sanduku linaenda moja kwa moja mlango wa nyuma wa hoteli. Ukimuuliza atakwambia, "Omera (ndugu), mimi sikuuza, walinirudishia tu pesa ya mafuta." Hiyo ni kuuza. Umetoa samaki, umepokea pesa kwa sababu ya huyo samaki, jina uliloipa hiyo pesa halibadilishi kitu. Hata ukilipwa kwa chakula na soda za wiki nzima ni kubadilishana, na ndiyo maana Afrika Kusini wakataja hilo neno waziwazi. Ni sawa na gari la nyumbani kubeba abiria wa kulipa, gari ni lako na barabara ni ya wote lakini leseni na bima hazikuandikwa kwa kazi hiyo.

Mtu atauliza, samaki wawili watatu wanaumiza nani? Nenda bichi ya Dunga hapa Kisumu, pale boti zinashushia samaki, asubuhi usimame tu uangalie. Boti inafika na namba yake ubavuni, samaki wanashushwa kwa beseni, wanawekwa kwa mzani wa kuning'inia, karani wa BMU (kikundi cha kusimamia bichi) anaandika aina na kilo kwa kitabu, ndipo mama samaki wanaanza kupatana bei. Hizi BMU ziko na kanuni zake tangu mwaka 2007, na kile kitabu ni sehemu ya njia ya kujua ziwa linatoa nini. Samaki wa mlango wa nyuma hajapita kwa mzani wala kwa kitabu, na hakuna aliyeangalia amekaa saa ngapi juani. Sehemu yetu ya Ziwa Victoria ni kama asilimia 6 tu, iliyobaki ni ya Tanzania na Uganda, kwa hivyo hesabu yetu ikikosewa tunaumia haraka. Halafu mvuvi aliyelipia leseni, akasajili boti, akatulia ziwa likifungwa, anapata bei imeshuka kwa sababu ya mtu ambaye hakulipa chochote. Hiyo inaniuma kuliko yote. Tena anayevua ale anasimama akishiba, lakini anayeuza hana pa kusimama.

Ziwa Naivasha linaonyesha hii tofauti vizuri. Samaki wanaoitwa bass waliletwa kutoka Marekani mwaka 1929, waliletwa kwa ajili ya mchezo wa kuvua, na uvuvi wa biashara ukaanza rasmi mwaka 1959. Ziwa ni lile lile, samaki anaweza kuwa yule yule, mmoja anauzwa halali na mwingine hauziki.

Kumshika muuzaji si rahisi maana samaki akishakufa hana alama ya nani alimvua. Wafaransa walitafuta dawa mwaka 2011, wakaamuru mvuvi wa burudani wa baharini akate sehemu ya chini ya mkia wa samaki wa aina fulani, kwa hivyo akionekana sokoni na mkia umekatwa kila mtu anajua ametoka wapi. Australia Magharibi wanafanya hivyo kwa kamba wakubwa wa miambani (kambakochi), wanakata kipande cha katikati cha mkia. Kwingine maafisa wanajifanya wanunuzi, ama wanaingia hotelini wanaomba risiti, hawa samaki ulinunua kwa nani. Mimi naona hapo kwa mnunuzi ndipo pa kuanzia hata huku kwetu, maana mwenye sanduku anaweza kuuzia mtu yeyote, lakini hoteli haihami na vitabu vyake viko pale.

Kwa hivyo ndugu yangu wa ile picha, sikukasirikii, najua unalipenda ziwa. Lakini ufute yale maandishi. Kama una hakika kijana anauza bila leseni, andika hivyo, halafu uende bichi uulize BMU wanaweza kumwingiza vipi awe mwanachama. Neno la burudani tuliwekee mtu wa sanduku la barafu, na ukiwa hotelini siku nyingine uulize mbuta wametoka bichi gani.