Sigarilo si sigara ndogo

Juzi nimemsikia mwingine tena. Kashika kibati chembamba cha sigarilo za Schimmelpenninck alicholetewa kutoka Uholanzi, anawaeleza wenzake: "Hizi ni sigara ndogo." Nikanyamaza, lakini nimechoka kunyamaza.

Sigarilo ni biri nyembamba na fupi: tumbaku ndani, jani la tumbaku nje. Sigara ni tumbaku iliyofungwa kwenye karatasi. Basi. Ikwangue sigarilo kwa ukucha uone: inabanduka kama ganda la kitunguu kikavu, kahawia hadi ndani, na vijishipa vya jani vinaonekana.

Chanzo cha fujo ni jina. Wahispania waliita biri cigarro, wakalipatia neno hilo umbo la udogo wakapata cigarrillo. Lakini nenda Madrid leo uombe cigarrillo, utapewa sigara ya karatasi. Hicho cha kwenye kibati wao wanakiita purito. Nasi tulifanya vilevile. Neno lenye mzizi huohuo, sigara, tukalibandika kwenye kitu cha karatasi, na cha jani tukakipa neno la Kihindi, biri, ambalo kwa Wahindi wenyewe ni tumbaku iliyofungwa kwa jani la mti wa tendu! Kwa hiyo anayesema "sigara ndogo" katafsiri vizuri kabisa na bado kakosea. Waholanzi ndio hawajachanganya: sigaar mbali, sigaret mbali.

Hiyo Schimmelpenninck ilianzia Wageningen mwaka 1924, ikachukua jina la Rutger Jan Schimmelpenninck, aliyeiongoza nchi hiyo 1805 hadi 1806, kabla Napoleon hajamsimika mdogo wake Louis kuwa mfalme.

Linaloniudhi zaidi ni neno "Sumatra" kwenye maboksi ya Kiholanzi. Watu hudhani tumbaku yote imetoka kisiwa hicho cha Indonesia. Kwa kawaida linasema habari za jani la nje tu, dekblad. Ndani mna mchanganyiko: Java, Brazil, wakati mwingine Havana ya Cuba. Mazoea hayo ni ya kikoloni. Mwaka 1863 Mholanzi Jacobus Nienhuys, mkulima wa tumbaku, alifika Deli, Sumatra, na jani la huko, jembamba, laini, la rangi iliyofifia, likawa ndilo vazi la biri za Uholanzi, likiuzwa kwa mnada Amsterdam. Indonesia ilipotaifisha mashamba ya Waholanzi, mnada ukahamia Bremen, Ujerumani, 1959. Siku hizi hata hilo jani la "Sumatra" laweza kuwa limelimwa Ecuador. La Sumatra ni mbegu.

Mbishi atasema sigarilo zingine zina karatasi ndani. Ana hoja kidogo. Kati ya jani la nje na tumbaku ya ndani kuna tabaka la kufungia, omblad, na kwenye nyingi za mashine ni vumbi la tumbaku lililokandwa likatandazwa kama karatasi. Boksi likiandikwa "100% tabak", maana yake tabaka hilo nalo ni jani halisi. Halimaanishi kwamba haina madhara.

Basi ukikutana na yule bwana wa kibati, mwambie taratibu tu: ni biri nyembamba. Ila akikwambia haidhuru kwa kuwa haina karatasi, hapo unaweza kupaza sauti kidogo.